Naomba ushauri: Dar hadi Lindi na Mikindani, mimi na mke wangu, gari ndogo, siku sita

BabaWawili_Tabata

Habari za saa hizi wakuu, poleni na majukumu. Naomba niulize maana najua humu kuna watu wa kusini na kuna madereva wa njia ile.

Mwezi wa kumi mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tangu tuoane hatujawahi kusafiri sisi wawili tu, safari zetu ni misiba, harusi za ndugu na kuwapeleka watoto kwa babu yao wakati wa likizo, tukirudi tumechoka kuliko tulivyoondoka. Safari hii mama mkwe amekubali kubaki na watoto siku sita na mimi likizo nimeshapewa.

Marafiki wote wananiambia Zanzibar, lakini mke wangu anataka Lindi. Bibi yake mzaa mama alikuwa na nyumba Mtanda, kule juu mlimani, na mke wangu alipokuwa mdogo alipelekwa mara mbili tatu halafu familia ikahamia Dar yote, bibi naye akafia huku huku. Kitu anachokikumbuka kuliko vyote ni kwamba usiku bibi alikuwa anamkalisha kwenye ngazi ya mlango wanahesabu taa za wavuvi baharini mpaka anasinzia. Nyumba yenyewe mama mkwe anasema ilishaanguka na haoni tunaenda kuangalia nini. Lakini mwenzangu amenisimulia hizo taa miaka kumi, na mimi nimeamua nampeleka.

Sasa maswali yangu. Gari yangu ni IST, ipo vizuri lakini ipo chini, je ile barabara itaniruhusu maana mwaka 2024 nilisikia ilikatika kabisa? Je niende moja kwa moja siku moja au nilale njiani, na nilale wapi? Na tukishafika Lindi inafaa kuendelea mpaka Mikindani au ni kujichosha tu? Dereva ni mimi peke yangu, mke wangu leseni hana.

Natanguliza shukrani.

Dereva_Kusini

Mkuu hongera kwa miaka kumi, Mungu awazidishie.

Mimi hiyo njia naifanya kila wiki. Lami ipo mwanzo mwisho, IST inafika bila shida yoyote, nakutana nazo kila siku zimebeba watu watano na magunia juu. Ile ya 2024 ilikuwa mwezi wa tano, mvua zilikuwa zimeshapiga sana halafu kikaja kimbunga Hidaya, maji yakabeba madaraja upande wa Somanga na watu wakakwama huku na huku siku kadhaa. Mwezi wa kumi kule ni kukavu hilo halikuhusu, ila ukifika vipande vilivyotengenezwa punguza mwendo maana usawa wa lami unabadilika ghafla na gari iko chini itagonga.

Dar mpaka Lindi ni kama kilomita 450. Kwenye karatasi unaona masaa sita lakini sio masaa sita, weka manane. Kinachokula muda ni vijiji. Kuanzia Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Bungu, Kibiti mpaka Ikwiriri ni vibao vya 50 na matuta, na trafiki wa tochi ya kupima mwendo anakaa pale ambapo wewe unaona kijiji kimeisha kumbe kibao cha kumaliza bado hujakifikia. Faini ni elfu thelathini na ukikamatwa mara mbili hiyo ni hela ya chumba imeondoka. Usishindane na mtu, hata basi likikupita mwendo wa ajabu liache liende.

Toka nyumbani saa kumi alfajiri. Ukichelewa mpaka saa kumi na mbili foleni ya Mbagala na Kongowe itakumaliza kabla hata safari haijaanza. Chai kunyweni Kibiti au Ikwiriri, hapo kuna samaki wa Rufiji wa kukaanga asubuhi hiyo hiyo. Mafuta jaza Dar, halafu ongeza Nangurukuru hata kama mshale bado uko juu ya nusu, usiniulize kwa nini, wewe ongeza tu.

Kulala, lala Kilwa Masoko. Ukifika Nangurukuru unakata kushoto, ni pembeni ya njia lakini lami nzuri. Ukiwa dereva peke yako usiunganishe. Kile kipande cha kutoka Nangurukuru kupita Kiranjeranje, Hoteli Tatu mpaka Mbwemkuru ni pori na kimenyooka, mchana jua linakupiga usoni na usingizi unakuja bila hodi. Na usiku usiendeshe kabisa, kuna malori ya saruji yanapanda Dar yamejaa, mengine yanaharibika yanaachwa barabarani yamewekewa majani tu, na kuna mifugo inavuka siku hizi ni mingi sana.

Halafu angalia tairi la akiba. Sio kuangalia kama lipo, liangalie upepo.

Chuma_Cha_Pwani

Mkuu kwa nini ujitese kilomita elfu kwenda na kurudi, panda boti asubuhi, baada ya masaa mawili uko Unguja, bahari ni ile ile. Taa za wavuvi hata Kunduchi zipo. Hiyo hela ya mafuta ongeza kwenye hoteli nzuri mpumzike. Ni maoni yangu tu.

BintiWaMtanda

@Chuma_Cha_Pwani kaka yangu, mtu anafuata mlango wa bibi yake, unamwambia Kunduchi?

Baba Wawili, mimi nimezaliwa Mtanda nimekulia Mtanda, sasa hivi niko Dar kikazi lakini wazazi wako kule kule. Nimesoma ulivyoandika kuhusu hizo taa nikaacha kazi niliyokuwa nafanya. Na sisi tulikuwa tunahesabu.

Sasa kuna kitu lazima ukijue kabla hujapanga tarehe, na nakuomba ukizingatie kuliko hata hayo ya barabara. Zile taa ni za watu wa dagaa, na dagaa wanavuliwa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, samaki hafuati taa wakati bahari yote ina mwanga, kwahiyo mbalamwezi ikianza kukomaa wavuvi wengi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Ukimpeleka shemeji yangu siku ya mwezi mpevu mtapanda mpaka juu mtakaa mtaangalia maji yanang'aa, mazuri sana, na taa hazipo. Atadhani na zenyewe ziliondoka na bibi yake. Angalia kalenda ya mwezi, chagua siku mwezi umefifia kabisa, siku tatu kabla ya kuandama au siku tatu baada. Zamani zilikuwa karabai, mwanga wake wa njano njano, siku hizi wengi wanatumia taa za sola na betri kwahiyo mwanga ni mweupe, umwandae kwa hilo.

Kuhusu mji wenyewe. Lindi watu wengi wanaipita, basi linasimama stendi wananunua maji wanasonga Mtwara, wanasema mji umelala. Lindi haionekani ukiwa barabarani. Chini kuna mji wa zamani, majumba ya Wahindi na Waarabu ya ghorofa moja rangi imebabuka, bandari, soko, ufukwe, halafu nyuma yake mlima umesimama na sisi tunaishi huko juu. Ukipanda Mtanda jioni kuanzia saa kumi na moja jua likiwa nyuma yako, unaona ghuba yote, mbele kidogo kwa kulia Kitunda ng'ambo ya maji na mitumbwi inavuka, kushoto mdomo wa bahari kubwa. Gari iache chini mpande kwa miguu japo mara moja. Mtasalimiwa na kila mtu na muitikie kila mtu, kule ukimpita mtu mzima bila shikamoo utaulizwa wewe mtoto wa nani.

Mchana mmoja vukeni Kitunda, minazi mingi, mchanga, hakuna kelele. Kula kuleni samaki wa nazi kwenye vihoteli vya mjini, na mkikuta ming'oko ya kuchemsha msiiache. Ni mizizi ya porini, unaimenya kwa meno unachovya kwenye chumvi na pilipili. Mke wako ataikumbuka kabla hata hajaitia mdomoni, niamini.

Nyumba ya bibi yake ilikuwa upande gani wa Mtanda? Usiandike jina hapa, muulize tu kama anakumbuka kitu cha jirani, msikiti, mti, kisima.

BabaWawili_Tabata

Dada nakushukuru kwa kweli, hilo la giza hata mama mkwe hakulisema na sasa hivi nimetoka kuangalia kalenda, tarehe nilizokuwa nimepanga zilikuwa zinaangukia mwezi mpevu kabisa. Nimeshapiga simu kazini wamenisogezea likizo wiki mbili mbele.

Mke wangu anasema anakumbuka mkwaju na ngazi tatu za saruji, msikiti ulikuwa kwa chini wanausikia. Basi.

Mzee_wa_Pantoni

Vijana mmenikumbusha mbali. Nimefanya kazi Lindi miaka ya themanini na Daraja la Mkapa lilikuwa halipo, lilifunguliwa 2003. Tulikuwa tunavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Maji yakipungua pantoni inakwama kwenye mchanga, yakizidi haivuki, foleni ya magari inalala siku mbili na watu wanapika barabarani. Ukishavuka ndio unaanza udongo mweusi wa kwenda Somanga, kilomita 60 hizo zimetutesa mpaka miaka ya juzi tu hapa ndipo lami ikakamilika. Masika ikianza kusini kunakuwa kisiwa. Watu wa Lindi na Mtwara waliokuwa na uwezo walipanda meli, asiyekuwa na uwezo alikaa.

Nayasema haya ili mkifika darajani msimamishe gari sehemu salama baada ya kuvuka, mshuke muutazame ule mto. Daraja lina urefu unaokaribia kilomita moja. Sisi kwenye huo upana tulizika watu.

Na mkipita maeneo ya Muhoro mjue hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjekitile mwezi wa nane 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndio kwanza vinawaka. Hakuna atakayewasimamisha kuwaambia, basi nawaambia mimi.

Lindi muulizeni shemeji kama bibi yake aliwahi kumsimulia habari za mifupa. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kule Tendaguru, ndani huko kaskazini magharibi ya Lindi. Hakukuwa na barabara wala reli, wazee wetu waliibeba kichwani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, tani zaidi ya 200. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mmoja wa wale mijusi amesimamishwa Berlin mpaka leo, kimo chake mita 13. Mkisimama pale bandarini paangalieni kwa heshima.

Kuchele_Kabisa

Mtwara kuchele! Naona Lindi wameshajaza uzi wote, ngoja na sisi tuseme.

Mkuu swali lako la Mikindani, jibu ni ndiyo, endelea. Kutoka Lindi ni kama kilomita mia moja, mnapita Mingoyo pale njia panda ya Masasi msikate kulia, nyooka na ya Mtwara. Mikindani mtaikuta kabla hamjafika Mtwara mjini, barabara inateremka kilima halafu ghafla maji haya hapa, ghuba imezungukwa pande zote utadhani ni ziwa.

Ni mji mdogo, mnaumaliza kwa miguu nusu siku, lakini msiumalize nusu siku. Nyumba za mawe zenye vibaraza vya mbao juu vilivyochongwa, nyingine zimebaki kuta na mti umeota ndani. Kulikuwa na biashara ya watumwa hapa na jengo linaloitwa soko la watumwa lipo. Livingstone alitua ghuba hii 1866 akaanza safari ambayo hakurudi nayo hai. Mjerumani akajenga Boma 1895 juu kidogo ya mji, jeupe, limekarabatiwa ni hoteli sasa, hata kama hamlali hapo pandeni mnywe hata soda muangalie ghuba kutoka juu. Nyuma ya Boma kuna njia inapanda mlimani, vaeni viatu vya kufunga.

Mji ulikufa kwa sababu ya Mtwara. Waingereza walipoleta ule mradi wao wa karanga miaka ya arobaini walitaka bandari ya kina kirefu, wakaijenga Mtwara, na biashara yote ikahama na watu wakaifuata. Ndio maana nyumba za Mikindani zimebaki vile, hakuna aliyekuwa na hela ya kuzibomoa.

Dada wa Mtanda kakuchagulia giza, basi na huku itakufaa. Giza ni bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana. Asubuhi saa nne saa tano maji yako mbali, ghuba inabaki tope na mchanga, kina mama wanaingia na vijiti kutafuta pweza na chaza. Muombe ruhusa mfuatane nao. Alasiri maji yamerudi mpaka ukutani.

Na kwa sababu ni msimu wa korosho mtakuta mabibo yananukia njia nzima kuanzia huko Lindi. Uraka, pombe ya mabibo, upo ila wewe ni dereva, uache.

BabaWawili_Tabata

MREJESHO

Wakuu nimerudi juzi usiku, nimeona sio vizuri watu wamenipa muda wao halafu nikae kimya.

Tulitoka Tabata saa kumi kasoro, Kongowe tumeipita bado giza. Chai Ikwiriri na samaki. Darajani tulifanya alivyosema mzee, tulisimama mbele tukarudi kwa miguu kuangalia mto, maji yalikuwa machache ya rangi ya udongo, mke wangu akaomba dua kwa ajili ya waliopotelea pale. Mzee asante, tusingesimama.

Baada ya Njia Nne tulipata pancha, tairi la nyuma kushoto. Upepo wa tairi la akiba nilikuwa nimeujaza siku moja kabla kwa sababu Dereva_Kusini alisisitiza, kwahiyo ilikuwa dakika ishirini tu. Kijana wa bodaboda alisimama mwenyewe akashika jeki, nilipotaka kumpa hela akakataa akasema nunua korosho kwa mama yangu mbele pale. Tulinunua.

Kilwa tulilala Masoko, asubuhi tukachukua kibali tukavuka na jahazi dogo kwenda Kisiwani. Ule Msikiti Mkuu, kuba zake, na Husuni Kubwa, lile jumba la sultani pale juu ya mwamba, ningeandika uzi mzima. Ibn Battuta alifika pale 1331 akausifia mji. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi anafundisha haya kila mwaka na ndio mara ya kwanza anayagusa, alikaa kwenye ukuta akaniambia nimuache kwanza.

Baada ya Mchinga tuliona moshi mweusi pembeni tukasimama. Mama mmoja na binti yake walikuwa wanakaanga korosho. Wana bati limetobolewa matundu kwa msumari limewekwa juu ya mafiga matatu, korosho zikishika moto maganda yanatoa mafuta na yale mafuta yanawaka yenyewe, moto unaruka usawa wa kifua, na yule binti anakoroga kwa mti mrefu amegeuza uso pembeni maana moshi wake unachoma macho na ngozi. Kabla hazijaungua wanalipindua bati kwenye mchanga, fyuu, moto unakufa. Zikipoa kidogo wanazipasua moja moja kwa jiwe, pigo moja tu la pembeni, korosho inatoka nzima. Mimi nilijaribu kumi nikavunja tisa. Vidole vya yule mama vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, akasema havitakati mpaka msimu uishe. Tangu siku hiyo sijaomba punguzo la korosho na sitaomba.

Lindi tulifika saa tisa mchana. Gesti niliyoweka nafasi kwa simu walikuwa wameshatoa chumba chetu kwa watu wengine, ikabidi tuzunguke, tukapata nyingine karibu na bahari safi kabisa. Saa kumi na moja tukaanza kupanda.

Hatukuikuta nyumba. Tulizunguka Mtanda mpaka magharibi tunauliza mkwaju wenye ngazi tatu, watu walitusaidia sana, mzee mmoja akatutembeza mitaa mitatu na fimbo yake, lakini mikwaju ni mingi na ngazi za saruji kila nyumba. Giza likaingia. Mke wangu hakusema kitu ila nilikuwa namuona anavyotembea.

Nikampigia mama mkwe nikaweka spika. Nikamwambia mama tuko Mtanda, tumekosa. Akanyamaza, halafu akauliza, "Kitunda mnaiona wapi?" Nikamwambia mkono wa kulia mama, kuna taa chache. Akasema, "Hapana. Mmepitiliza. Rudini nyuma mpaka Kitunda iwajie usoni." Tukarudi. Akauliza tena, "Adhana ya isha mmeisikia?" Ndio mama, imetoka chini. "Chini mbele au chini nyuma?" Chini nyuma. "Basi shukeni kidogo mpaka muwe usawa nayo." Tukashuka kinjia kati ya nyumba mbili na tochi ya simu, tukatokea kwenye uwanja mtupu, msingi umefunikwa na majani, na mbele yake ngazi mbili, ya tatu imeshazama kwenye udongo. Mkwaju ulikatwa, kisiki kipo. Kitunda iko usoni kabisa.

Mke wangu akakaa kwenye ngazi. Nikazima tochi. Mwanzoni hatukuona kitu, halafu macho yalipozoea zikaanza kutokea, moja, mbili, tatu, kule kwenye mdomo wa bahari, nyeupe kama dada alivyosema, na mbili za njano. Mama mkwe bado yuko hewani, akasema, "Hesabu kwa sauti nisikie." Mke wangu akahesabu. Alifika thelathini na nne akashindwa kuendelea, mama yake akamalizia upande wa Dar, thelathini na tano, thelathini na sita, anahesabu asizoziona, mpaka salio langu likakata.

Siku iliyofuata tulirudi mchana tukang'oa majani, yule mzee wa fimbo akatuletea jembe. Tukavuka Kitunda, tukala ming'oko (dada ulisema kweli, aliishika tu akaanza kulia na kucheka). Mikindani tulilala siku moja, tulipanda nyuma ya Boma, asubuhi tukaingia ghubani na kina mama, pweza mmoja alinizunguka mkono sikuwahi kuona. Kuchele_Kabisa nusu siku kweli haitoshi, tutarudi. Kurudi Dar tulilala tena Kilwa.

Sasa nina swali jipya. Mama mkwe tangu turudi kila siku anauliza habari za ule msingi, na jana amesema mwezi wa sita shule zikifungwa anataka kwenda yeye. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, kupanda hawezi. Je bajaji inafika mpaka karibu na pale? Na mwezi wa sita wavuvi wa taa wanatoka au upepo wa kusi unawazuia?

BintiWaMtanda

Shemeji nimesoma mara mbili. Hapo mlipokaa napajua, tulikuwa tunaokota ukwaju tukitoka madrasa.

Bajaji inapanda mpaka juu, pale kwenye kinjia kati ya nyumba mbili ni hatua chache tu za kuteremka, vijana watamshika mkono. Kiti nitaongea na mama yangu atawapelekea. Mwezi wa sita kusi inavuma kwahiyo kuna siku hawatoki, lakini ikitulia wanatoka, ndani ya ghuba kuna kinga. Mpangie angalau usiku tatu, asije akapata ule mmoja wenye upepo. Na mleteeni kanga nzito na kofia, usiku wa Juni kule juu una baridi.

Ukikaribia niandikie, nitampigia baba aniambie giza la mwezi huo linaanza lini.